Wauguzi Wangu Wananiogopa, na Wodi Imenyamaza

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka minne sasa ninaongoza wodi ya wazazi katika hospitali moja ya shirika la dini huku Nyanda za Juu Kusini. Chini yangu wapo wauguzi 14 na wahudumu wa afya 5, na zamu ya usiku mara nyingi hubaki na wauguzi wawili tu kwa akina mama na watoto wachanga zaidi ya 30. Ninakuandikia kwa sababu limetokea jambo lililoninyima usingizi, na sijapata mtu wa kumweleza hapa kazini.

Wiki tatu zilizopita, mtoto mchanga wa siku nne aliyekuwa akitibiwa maambukizi alichomwa jentamisini, antibiotiki ya sindano, mara mbili ndani ya saa chache. Muuguzi wa zamu ya jioni alimpa dozi yake saa 12, lakini kabla hajatia saini kwenye karatasi ya dawa akaitwa chumba cha kujifungulia, ambako mama mmoja alikuwa akitoka damu nyingi. Zamu ya usiku ilipoingia, makabidhiano yalifanyika harakaharaka watu wakiwa wamesimama mlangoni. Muuguzi kijana, ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja tangu aajiriwe, alikuta nafasi ya saini iko wazi, akampa mtoto dozi ile tena saa 3 usiku. Ilipofika saa 8, alipokuwa akihesabu vichupa vilivyobaki, akatambua kilichotokea. Hakumwambia mwenzake, hakumpigia simu daktari wa zamu, wala hakunipigia mimi. Alikaa kando ya kitanda cha mtoto yule hadi alfajiri, akimhesabia pumzi. Nilipofika saa 1:30 asubuhi nilimkuta bado yupo pale, ndipo aliponieleza huku mikono ikimtetemeka. Namshukuru Mungu kwamba mtoto hakudhurika: daktari aliagiza vipimo vya figo, akaisogeza mbele dozi iliyofuata, na baada ya siku chache akamruhusu kwenda nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alinijibu bila kuniangalia usoni: "Sista, niliona ulivyomfanya yule dada." Alikuwa anakumbuka ripoti ya asubuhi ya mwezi uliotangulia, ambapo nilimfokea muuguzi mmoja mbele ya wenzake na mbele ya wanafunzi wa uuguzi, na wagonjwa wakiwa vitandani wanasikia, kwa sababu alisahau kumpima mama mmoja shinikizo la damu. Nilimwambia kwamba kama kazi imemshinda aende sokoni akauze nyanya.

Matroni anataka nimwandikie muuguzi kijana barua ya onyo, iwe fundisho kwa wengine. Nami najiuliza kama fundisho hilo halijatolewa tayari, na kama si ulimi wangu uliolitoa. Hata hivyo, wakunga walionilea walikuwa wakali kuliko mimi, na naamini ukali wao ndio ulionifanya niwe makini. Nikilegeza kamba, nidhamu itabaki wapi katika wodi ambayo uzembe mdogo unaweza kuua?

Kuna na jambo la pili. Yule dada niliyemfokea ana uzoefu wa miaka kumi, na siku zote alikuwa tegemeo langu. Tangu mama mmoja alipofariki mikononi mwake mwezi wa pili, amebadilika. Anachelewa kazini, hali tena chakula cha mchana pamoja na wenzake, na mara mbili nimemkuta stoo ya dawa akilia. Nimemwambia ajipe moyo, lakini naona maneno yangu hayamfikii.

Nifanye nini, Mama?

Muuguzi Kiongozi,
Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pale pale: binti amekaa kando ya kitanda usiku wa manane, anamhesabia mtoto pumzi kwa saa tano na nusu, ilhali daktari angeweza kupatikana kwa simu moja. Mzembe angelala. Binti huyo alimjali mtoto kwa moyo wote, ila hofu ya asubuhi ilimlemea kuliko hofu ya usiku. Laiti figo za mtoto zingekuwa dhaifu zaidi, saa hizo tano na nusu ndizo zingekuwa za thamani kuliko zote. Kwa hiyo nakujibu waziwazi swali uliloliuliza kwa kuzungukazunguka: ndiyo, ulimi wako umechangia. Nalisema hili kwa upendo, maana kiongozi anayeweza kuandika barua kama yako tayari ameshapita sehemu ngumu kuliko zote.

Umesema ukali wa waliokulea ulikufanya uwe makini. Sikatai kwamba ulijifunza mengi kwao. Lakini jiulize jambo moja ukiwa peke yako: katika miaka ile, ni makosa mangapi uliyaona, au uliyafanya mwenyewe, ambayo mkunga wako mkali hakuwahi kuyasikia? Hofu haipunguzi makosa wodini. Inachopunguza ni habari za makosa kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuyarekebisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi wakunga tunalijua hilo kuliko watu wengine wote, kwa sababu kila siku tunawaomba akina mama watuamini kwa yale wanayoyaonea haya kuliko yote, kisha tunarudi kwenye meza ya ripoti na kuwafanya wenzetu waone haya kukiri kwamba wamesahau kitu.

Jambo hili limechunguzwa katika wodi kama yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Amy Edmondson, wakati huo akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alishiriki katika uchunguzi wa makosa ya utoaji wa dawa hospitalini. Alitarajia kuona kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano zina makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipolichimba zaidi akaelewa kwamba tofauti kubwa ilikuwa kwenye kusema. Kiongozi alipokuwa mtu wa kufikika, watu walisema kosa mapema na wakalijadili. Kiongozi alipokuwa wa kuogopwa, makosa yalizikwa kimyakimya. Mwaka 1999 alichapisha utafiti mwingine kuhusu vikundi vya kazi, akalieleza jambo hilo kwa jina la usalama wa kisaikolojia, yaani ile imani ya wote katika kikundi kwamba mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa au kumpinga mkubwa wake bila kudhalilishwa. Kwa hiyo ukifungua kitabu chako cha matukio ukakuta kurasa za miezi sita ziko nyeupe, usijipongeze. Ogopa.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kabla ya kulisoma mahali popote. Nikiwa na miaka miwili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimtundikia mgonjwa dripu iliyoandikiwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilipogundua nilifunga mpira wa dripu, nikamwendea matroni nikiwa nimeshikilia chupa mkononi, magoti yakigongana. Alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Mgonjwa yukoje sasa hivi?" Tukaenda pamoja, akampima kwa mikono yake mwenyewe, akamwita daktari. Tukiwa tunarudi akaniambia, "Umefanya vizuri kuja." Kesho yake ndipo aliponikalisha ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, akanitaka nimweleze hatua kwa hatua ilivyokuwa, na tukagundua kwamba vitanda viwili vilikuwa na namba zilizofutika. Hakunisamehe kwa kufumba macho, kwani kwa mwezi mzima nilisimamiwa kila nilipotoa dawa, na niliona uchungu. Lakini tangu siku ile hakuna kosa langu lililofika jioni kabla hajalijua. Nakuomba uuige mpangilio wake: kwanza mgonjwa, pili shukrani kwa aliyesema, tatu maswali, na maswali yaanze na kilichotokea, si aliyekosea.

Hapo unaona kwamba hofu yako kuhusu nidhamu ina jibu lake. Usalama wa kisaikolojia hauondoi viwango vya kazi, wala hauna maana ya kwamba kila jambo linavumiliwa. Pambanua mwenendo wa mtu. Anayekosea kwa sababu utaratibu ulimwacha njiani hufarijiwa, na utaratibu hurekebishwa. Aliyejizoesha njia za mkato huelekezwa na kusimamiwa. Anayejua hatari na kuipuuza kwa makusudi, au anayeghushi saini ili kujificha, huyo ndiye mwenye kustahili barua ya onyo. Muuguzi wako kijana alikuta nafasi wazi kwenye karatasi na akafanya kile ambacho karatasi ilimwambia. Ukimya wake ni kosa, na mwambie hivyo pasipo kupaka rangi. Ila ukimwadhibu leo kwa barua, wenzake 13 hawatasoma humo kwamba ukimya ni mbaya. Watasoma kwamba alifanya makosa kusema asubuhi, na kwamba angenyamaza moja kwa moja.

Kwa matroni usiende na maneno ya kumwombea msamaha tu. Nenda na taarifa kamili ya tukio, iliyoandikwa bila kuficha chochote, ikiwa ni pamoja na sehemu yako. Mweleze mambo mawili utakayoyabadilisha na tarehe ya kuanza. La kwanza ni makabidhiano. Yafanyike kando ya kila kitanda, karatasi ya dawa ikiwa mikononi, na ijulikane kwa wote kwamba nafasi iliyo wazi haimaanishi kuwa dawa haijatolewa, bali inamaanisha kuwa anayetoka zamu lazima aulizwe kabla sindano haijaguswa, hata kama amekwishafika nyumbani na itabidi apigiwe simu. La pili ni kwamba muuguzi anayetoa dawa akiitwa kwenye dharura, atamke kwa sauti amefikia mtoto yupi, na aliye karibu aandike.

Kuhusu kutamka kwa sauti, kuna ushahidi uliopatikana hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, hapa Tanzania. Pamoja na mambo kama kutoa antibiotiki kwa wakati na kuhesabu vifaa, orodha hiyo inamtaka kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla ya ngozi kukatwa. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Siwezi kukuambia kwamba kutaja majina peke yake kulileta hayo. Ninachokuambia, kwa niliyoyaona, ni kwamba muuguzi mdogo ambaye sauti yake imeshasikika mara moja chumbani huipata kwa urahisi zaidi pale anapohitaji kusema, "Daktari, ngoja kidogo." Kwa hiyo katika ripoti yako ya asubuhi, aanze kusema mdogo kuliko wote, kisha mwanafunzi, na wewe uwe wa mwisho. Uliza, "Usiku huu ni kitu gani kilikutia wasiwasi?" badala ya "Kuna tatizo?" Swali la pili kila mtu hulijibu kwa "hakuna".

Sasa nije kwa yule dada, ambaye amenikaa moyoni zaidi. Katika barua yako umemweka mwishoni kama jambo la pili, lakini mimi naona ni jambo lile lile. Mama alifariki mikononi mwake mwezi wa pili. Baada ya hapo akaanza kuchelewa na kujitenga, kisha akasahau kupima shinikizo la damu, jambo ambalo mkunga wa miaka kumi hulifanya hata akiwa na usingizi. Kosa ulilomfokea lilikuwa dalili. Alikuwa anazama, nawe ukamwambia akauze nyanya.

Kwenye uainishaji wa magonjwa wa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani limeutaja uchovu wa kazi uliopindukia kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, si ugonjwa wenyewe, na limeueleza kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kwamba hawezi tena kufanya kazi yake vizuri. Inawezekana dada huyu yuko hapo. Inawezekana pia ni majonzi, au sonona inayohitaji matibabu. Wewe si daktari wake, kwa hiyo usijaribu kutoa jina la ugonjwa. Kazi yako ni kumketisha mahali penye faragha, si stoo ya dawa na si ukumbini, uanze kwa kumwomba radhi kwa yale uliyosema mbele za watu, bila kuongeza "lakini". Kisha mwambie ulichokiona kwa macho yako: umechelewa mara kadhaa, huli nasi, nimekuona ukilia, nami nina wasiwasi juu yako. Halafu nyamaza. Ukimya wa dakika mbili utakuwa mrefu kwako, lakini mwachie.

Akianza kueleza habari za mama yule, usimwambie ni mapenzi ya Mungu, na usimwambie ajipe moyo. Aeleze hadi mwisho. Muulize pia, kwa maneno ya kawaida kabisa, kama amefikia mahali pa kutamani kufa. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo hilo. Halimpi, na mara nyingi humtua mzigo. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, usimrudishe zamu yenye funguo za kabati la dawa, na ahakikishiwe kuonana na daktari siku hiyo hiyo. Akijibu hapana, bado msaidie apate mtaalamu wa afya ya akili, na kwa heshima yake msimtibie hapo hapo kazini kwenu, ambako faili lake litapita mikononi mwa watu anaokula nao chai. Zungumza na daktari mmoja unayemwamini amwandikie rufaa ya hospitali nyingine.

Kupumzika si hisani unayomfanyia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza zikiwa na mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Sheria hiyo hiyo inataka angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Chukua ratiba yako ya zamu, mwanangu, uitazame leo hii. Ukimpanga mtu jioni kisha asubuhi, akatoka saa 2 usiku, au saa 3 kwa sababu makabidhiano yamechelewa, na akatakiwa awepo saa 1:30 asubuhi, saa hizo 12 hazitimii hata kabla hujahesabu safari ya daladala na kupika chakula cha watoto. Wakubwa hupenda kuandaa semina ya afya ya akili, wakatoa soda na fulana, halafu ratiba ikabaki ile ile. Ratiba hiyo iko mikononi mwako zaidi ya kitu kingine chochote, hivyo anzia hapo. Penye upungufu wa watu usioweza kuuziba, uandike, upeleke kwa uongozi wenye namba na tarehe, na uwaeleze wauguzi wako kwamba umeandika.

Jingine ni kwamba mama anapofariki au mtoto anapozaliwa mfu, hospitali hufanya kikao cha kupitia kifo hicho, na hilo ni la lazima. Lakini kikao hicho hutafuta sababu ya kifo; hakiwaulizi waliokuwepo wamelalaje. Jiwekee desturi ya kukaa na zamu iliyohusika kwa dakika 15 kabla hawajaenda nyumbani, mlango ukifungwa, pasipo kuandika chochote. Kama ungefanya hivyo mwezi wa pili, pengine dada yule asingekuwa analia peke yake kati ya maboksi ya dawa.

Ombi la radhi mbele ya wodi nzima unalidaiwa pia, kwa sababu ulikosea mbele ya wodi nzima. Lifanye fupi katika ripoti ya asubuhi: kwamba ulimvunjia mwenzenu heshima, kwamba ukali wako ulimfanya mwingine aogope kusema jambo la hatari, na kwamba kuanzia sasa anayekuletea habari mbaya usiku wa manane atapokelewa. Usilie, wala usijieleze sana. Na uwe tayari, kwa maana baada ya hapo watakujaribu. Mmoja atakuja na kosa dogo ili aone uso wako unageukaje, na kwa muda mrefu watakumbuka uso huo kuliko hotuba yako. Ukiteleza ukafoka tena, kama itakavyotokea, rudi siku hiyo hiyo ukarekebishe.

Kabla ya ripoti hiyo, muone kwanza muuguzi kijana peke yake, asije akasikia habari zake hadharani pasipo ridhaa yake. Na unapokuwa naye kuna jambo mnalopaswa kulimaliza pamoja. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema kwamba mama wa mtoto aliambiwa. Ana haki ya kujua mwanawe alipewa nini, na siku moja daktari mwingine anaweza kumuuliza. Mshirikishe daktari aliyemtibu na mjulishe matroni, kisha umwite mama huyo mapema, usingoje hudhurio lake la siku ya 42. Muuguzi kijana asiachwe akabili kikao hicho peke yake. Wewe ndiwe uanze kuzungumza, yeye akae karibu nawe. Mama apewe kiti na muda wa kuuliza, na mtoto apimwe tena mbele yake, ikiwa ni pamoja na masikio, kwa sababu dawa ile ikizidi inaweza kugusa uwezo wa kusikia.